Dirisha linabaki tupu ninapochora mpaka wa shamba kutoka faili la maandishi

Kijana_wa_Mikindani:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Ninajifunza lugha ya programu ya Python, na kwa kutumia Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha, ninataka kuchora ramani ya shamba la mikorosho la babu yangu, lililo nje kidogo ya Mikindani. Nilizunguka mpaka nikiwa na simu, na kila kona nikaandika latitudo na longitudo kwenye faili la maandishi, hivi:

```
-10.3015,40.0912
-10.3015,40.0930
-10.3031,40.0927
-10.3029,40.0910
```

Programu inasoma kila mstari, inaukata penye koma, inageuza vipande kuwa namba na kuvipeleka kwa mpangilio huohuo kwenye `create_polygon`, amri ya kuchora umbo lenye pembe nyingi. Haitoi kosa lolote, lakini dirisha linafunguka tupu. Nilipofuta alama ya kutoa, ikatokea nukta ndogo sana upande wa juu kushoto. Naomba kueleweshwa tatizo liko wapi.

Mpimaji_Masasi:

Marahaba, kijana. Faili lako halina kasoro. Kinachokosekana ni hatua ya kati, yaani kuzihamisha namba za ardhini kuwa namba za skrini. Simu hutaja latitudo kwanza, ilhali kanvasi, yaani eneo la kuchorea ndani ya dirisha, hutaka kwanza umbali kutoka kushoto, ambao kwako ni longitudo. Kwa hiyo umeiambia ichore kwenye pikseli (nukta ya skrini) hasi 10 kutoka ukingo wa kushoto, na huko ni nje ya dirisha, ambako Tkinter huchora kimya kimya bila kulalamika.

Ile nukta nayo ina maelezo yake. Kanvasi inahesabu namba zako kama pikseli, kwa hiyo nyuzi moja, ambayo ardhini ni takribani kilomita 111, inakuwa pikseli moja. Kwa kipimo hicho hata Mtwara mjini na Lindi mjini hazifiki pikseli moja kati yake, sembuse kona za shamba moja.

Usiizoee njia ya kufuta alama ya kutoa. Kwenye skrini, namba za wima huongezeka kwenda chini, na huku kwetu kusini mwa ikweta latitudo isiyo na alama huongezeka kwenda kusini, kwa hiyo mambo hayo mawili yanapatana kwa bahati tu. Siku utakapopewa data za mahali palipo kaskazini mwa ikweta, ramani itatoka kichwa chini.

Mwalimu_wa_Lindi:

Naongezea pale alipoishia ndugu yangu wa Masasi. Tafuta kwanza kingo nne za shamba lenyewe, kisha pima kila kona kutoka ukingo wa magharibi na ukingo wa kaskazini. Ukipima kutoka kaskazini kwenda chini, suala la alama ya kutoa linajimaliza lenyewe. Kwa dirisha la pikseli 600 kwa 600 lenye pambizo ya 30:

```
kona = []
with open("shamba.txt", encoding="utf-8-sig") as faili:
    for mstari in faili:
        if mstari.strip():
            lat, lon = mstari.split(",")
            kona.append((float(lon), float(lat)))

magharibi = min(x for x, y in kona)
mashariki = max(x for x, y in kona)
kusini = min(y for x, y in kona)
kaskazini = max(y for x, y in kona)

k = min(540 / (mashariki - magharibi),
        540 / (kaskazini - kusini))

pointi = [(30 + (x - magharibi) * k,
           30 + (kaskazini - y) * k) for x, y in kona]
kanvasi.create_polygon(pointi, fill="", outline="black")
```

Angalia kwamba `k`, yaani idadi ya pikseli kwa kila nyuzi, ni ileile kwa pande zote mbili. Wengi huweka kipimo cha mlalo na cha wima kila kimoja peke yake ili umbo lijaze dirisha, na matokeo yake shamba refu huonekana la mraba. Ramani ya namna hiyo mimi siikubali hata ikipendeza. Kwa namba zako pikseli moja itakuwa karibu sentimita 40 za ardhi.

Kwa usahihi zaidi ungezidisha tofauti za longitudo kwa 0.984, kwa sababu nyuzi ya longitudo hupungua kadiri unavyoondoka ikweta. Hapa kwetu pengo ni asilimia 1.6 tu, ila mtu wa Oslo, penye latitudo ya karibu 60, asipofanya hivyo shamba lake litatoka na upana maradufu.

Kijana_wa_Mikindani:

Ahsanteni sana, mpaka umetokea vizuri. Sasa nimeongeza faili la pili lenye nafasi ya kila mkorosho. Miti ilipandwa kwa kamba, mita 12 kwa 12, lakini kwenye skrini safu zinayumba. Je, hesabu yangu bado ina hitilafu? Pia sijui namna ya kuchora kiduara kwenye kila pointi.

Mpimaji_Masasi:

Hesabu ni sahihi. Simu ndiyo inayoyumba. Hata penye uwazi simu ya kawaida hukosea kwa mita kama tano hivi, na chini ya majani ya mkorosho hukosea zaidi, kwa hiyo kwenye nafasi ya mita 12 lazima upindaji uonekane. Tena namba zako zina tarakimu nne baada ya nukta, na tarakimu ya nne ni mita 11 za ardhi, karibu sawa na nafasi kati ya mti na mti. Kwa miti andika tarakimu sita, usimame kidogo penye kila shina kabla ya kusoma, na ukitaka safu zilizonyooka kabisa, pima kwa kamba kutoka kona moja.

Kuhusu kiduara, `create_oval` haiombi kitovu, inaomba pembe mbili za kisanduku kinachokizunguka. Ikiwa pointi iko kwenye x na y, andika `create_oval(x-3, y-3, x+3, y+3)`. Hiyo 3 usiizidishe kwa `k`, la sivyo duara moja litakuwa kubwa kuliko dirisha zima.