Mdogo wangu karudia unga baada ya miezi minne

Wakuu, mdogo wangu alikaa miezi minne bila kugusa heroini. Akanenepa, akaanza hata kunyoa ndevu. Juzi nimekuta karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ile wanayovutia unga, imeunguzwa katikati, chini ya godoro. Mama anasema tumfungie chumbani wiki nzima arosto, yale mateso ya kukosa unga, imtoke. Mnasemaje?

Jibu 1:
Msimfungie. Mimi nilifungiwa mara mbili. Arosto naijua: miayo isiyoisha, makamasi, vinyweleo vimesimama, miguu inarusha mateke usiku kucha. Siku ya saba nilitoka "mzima", ya nane nikavuta kipimo changu cha zamani. Hapo ndipo watu wanapofia. Ukiacha unga kwa muda, mwili unapoteza ustahimilivu, lakini kichwa bado kinakumbuka kile kipimo kikubwa. Nilikutwa midomo imekuwa ya bluu. Nalokisoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, ndiyo iliyonirudisha.

Jibu 2:
Basi mtasema aende kliniki akapewe methadoni, ile dawa ya kunywa badala ya heroini. Mbona nayo ni kulevya kwa jina jingine?

Jibu 1:
Ndugu, mwaka wa sita huu nakunywa kikombe changu kila asubuhi mbele ya muuguzi, kisha naenda kazini. Inakaa mwilini kutwa nzima, sitafuti sindano wala siibi simu ya dada. Iite utakavyo.

Muuliza swali:
Nimemwonyesha mama. Kanyamaza, kisha kaweka ufunguo mezani. Kesho naenda na mdogo wangu kliniki, kama atakubali kuamka.