Wanaopiga simu nyumbani mara nyingi ndio wapweke zaidi: niyasome vipi matokeo haya?

SWALI

Habari zenu wanataaluma. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika sosholojia kuhusu namna wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyojenga maisha mapya chuoni huku wakiendelea kuwa watoto, ndugu, na pengine tegemeo la familia zao. Dodoso langu liliuliza mambo matatu makuu: mwanafunzi huzungumza na familia yake kwa simu mara ngapi kwa wiki, anashiriki katika vikundi gani vya chuo, na anajisikia mpweke kiasi gani. Upweke niliupima kwa kile kipimo kifupi cha maswali matatu kilichochapishwa mwaka 2004, kinachouliza ni mara ngapi mtu huhisi kukosa mwenzi, kuachwa nje, na kutengwa na wengine, ambacho alama zake huanzia 3 hadi 9.

Nilitarajia kwamba wanaowasiliana sana na nyumbani wangekuwa na upweke mdogo. Matokeo yamekuja kinyume: kadiri simu zinavyoongezeka ndivyo alama za upweke zinavyopanda, si kwa kiasi kikubwa, lakini kwa mwelekeo unaoonekana wazi. Msimamizi wangu ameyapokea kwa furaha, akisema kwamba yanaunga mkono nadharia ya Vincent Tinto ya mwaka 1975 kuhusu kwa nini wanafunzi huacha masomo, na kwamba nihitimishe kuwa mwanafunzi asiyejitenga na nyumbani hawezi kujikita chuoni.

Mimi nasita. Mwishoni mwa dodoso niliacha nafasi ya maoni, na mwanafunzi mmoja aliandika kwamba hupiga simu nyumbani kila jioni kwa sababu hana mtu mwingine wa kumweleza siku yake ilivyokwenda. Sentensi hiyo haijanitoka akilini. Je, nina haki ya kuandika hitimisho ninalopendekezewa, au takwimu zangu zinasema jambo jingine ambalo sijalisikia?

JIBU LA KWANZA

Ndugu mwuliza swali, huyo mwanafunzi wa kwenye nafasi ya maoni amekujibu kabla yetu. Wanaomeza dawa nyingi ndio wenye maradhi mengi, lakini hakuna anayesema kwamba dawa ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Kama upweke ndio unaomsukuma mtu kuchukua simu, basi simu na upweke vitapanda pamoja hata kama kila mazungumzo yanampunguzia mzigo; na dodoso lililojazwa mara moja tu haliwezi kukuambia kipi kilitangulia. Ukitaka kujua, itakubidi uwarudie watu walewale angalau mara mbili au tatu ndani ya muhula, uone kama upweke wa mwezi wa kwanza unatabiri simu za mwezi wa pili, au simu za mwezi wa kwanza ndizo zinazotabiri upweke wa mwezi wa pili. Kama muda na fedha haviruhusu, waombe wachache waandike shajara kwa wiki moja: walimpigia nani, saa ngapi, walijisikiaje kabla ya kupiga na walijisikiaje baadaye. Shajara ya wiki moja haitathibitisha chanzo na tokeo kwa namna ya majaribio, lakini itakutoa kwenye kubahatisha.

Jambo la pili ni la kinadharia, na naona ndilo lenye uzito zaidi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Robert Weiss alitenganisha upweke wa aina mbili. Upo upweke wa kihisia, unaotokana na kukosa mtu wa karibu wa kushikamana naye, na upo upweke wa kijamii, unaotokana na kukosa mtandao wa watu wa kawaida ambao mtu huketi nao, hutaniana nao na kuhesabiwa miongoni mwao. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba uhusiano wa aina moja hauzibi pengo la uhusiano wa aina nyingine. Mwanafunzi anaweza kuwa na mama anayempenda na kumsikiliza kila jioni, na bado akaingia kwenye bwalo la chakula asijue aketi meza gani. Simu ya nyumbani inatibu upweke wa kwanza. Wa pili hautibiki kwa simu. Sasa tazama kipimo chako. Maswali mawili kati ya yale matatu, la kuachwa nje na la kutengwa, yanaegemea zaidi upweke wa kijamii. Inawezekana kabisa kwamba umepima kitu ambacho familia haikuwa na uwezo wa kukiondoa tangu mwanzo, kisha ukaishangaa familia kwa kutokiondoa.

Tena, idadi ya simu si ukaribu. Wapo wanaopigiwa kila siku ili waulizwe habari za matumizi ya fedha, na wapo wanaozungumza na ndugu zao mara moja kwa wiki kwa saa nzima wakicheka. Dodoso lako limewahesabu wa kwanza kuwa karibu na familia mara saba zaidi ya wa pili.

JIBU LA PILI

Ninamheshimu msimamizi wako, lakini makala ya Tinto ya mwaka 1975 haisemi hivyo. Katika makala hiyo alijenga hoja yake juu ya kazi ya mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim kuhusu kujiua, iliyochapishwa mwaka 1897: kama vile mtu asiyefungamanishwa vya kutosha na jamii yake anavyoweza kujiondoa katika uhai, ndivyo mwanafunzi asiyefungamanishwa na chuo, kimasomo na kimahusiano, anavyoweza kuacha masomo. Mlinganisho wenyewe ni mzito mno kwa ladha yangu, lakini hilo tuliache. Humo familia inaonekana kama sehemu ya yale ambayo mwanafunzi anakuja nayo: malezi, hali ya kiuchumi, matarajio ya wazazi. Haionekani kama kamba ya kukatwa.

Wazo la kujitenga aliliongeza baadaye, katika miaka ya 1980 kuelekea mwisho, alipoazima kwa mtafiti wa mila Arnold van Gennep zile hatua tatu za taratibu za mapito, yaani desturi za kumvusha mtu kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine, zilizoelezwa mwaka 1909: kutengana, kuwa katikati, na kuingizwa upya. Hapo ndipo chuo kilipofananishwa na jando la usomi, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Mwaka 1992 William Tierney, akizingatia hasa wanafunzi wa jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, alionyesha kasoro iliyo dhahiri ukishaelezwa: van Gennep alizungumzia mapito ya ndani ya utamaduni mmoja, ambapo kijana hutoka utotoni na kuingia utu uzima wa watu walewale. Hakuwa akimzungumzia kijana anayetakiwa kuacha watu wake ili aingie kwa watu wengine. Ukimwambia mwanafunzi wa namna hiyo kwamba sharti la kufaulu ni kujitenga, hujaeleza mapito, umemtaka ajikane. Tinto mwenyewe alikuja kuandika, mwaka 2006, kwamba kwa baadhi ya wanafunzi kubaki wameshikamana na familia na jumuiya zao ni jambo la lazima ili waendelee na masomo.

Hata hivyo, kwa haki, hoja ya msimamizi wako haikuzuka hewani. Theodore Newcomb, aliyewachunguza wanafunzi wa kike wa Bennington College nchini Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, aliona kwamba wengi walibadilika kisiasa kadiri walivyokaa chuoni, na kwamba miongoni mwa wasiobadilika walikuwamo walioendelea kujipima kwa macho ya familia zao kuliko ya wenzao wa chuo. Familia kweli inaweza kuwa kundi la marejeo, yaani kundi ambalo mtu hujipima kwalo, linaloshindana na chuo. Lakini angalia alichokipima: mitazamo ya kisiasa. Kubaki na siasa za baba yako na kuwa mpweke ni mambo mawili tofauti, na huwezi kutumia ushahidi wa lile la kwanza kuhukumu la pili.

JIBU LA TATU

Swali moja tu, nalo ni la kihesabu. Wanafunzi wanaolala kwao na kuja chuoni kila asubuhi umewaweka wapi? Mtu anayekula chakula cha jioni na wazazi wake hana sababu ya kuwapigia simu, hivyo ataandika sifuri, na huenda hana upweke mkubwa kwa kuwa anarudi nyumbani kila siku. Ukiwachanganya na wa mabwenini utapata mstari unaopanda hata kama ndani ya kila kundi hakuna mstari wowote. Watenganishe kwanza ndipo tuendelee kumjadili Durkheim.

JIBU LA NNE

Ningependa kuongeza suala la maneno, kwa sababu naona kwamba dodoso limejazwa kwa Kiswahili ilhali kipimo kilizaliwa katika lugha nyingine.

“Familia” uliyoiuliza ni ipi? Mtu mmoja akisoma neno hilo huona baba, mama na watoto. Mwingine huona pia bibi, mjomba, binamu waliolelewa pamoja naye na shangazi anayemlipia ada. Wa pili atahesabu simu nyingi zaidi kwa sababu tu ana watu wengi zaidi wa kuhesabu. Wataalamu wa takwimu hukwepa mtego huu kwa kutumia “kaya”, yaani watu wanaoishi na kula pamoja, lakini kaya nayo haikufai, kwa kuwa mwanafunzi wa bwenini ameshatoka katika kaya bila kutoka katika familia. Ningeacha neno la jumla kabisa na kumwomba mhojiwa ataje watu watatu hadi watano anaozungumza nao zaidi, kisha aeleze kila mmoja ni nani kwake.

Kuna pia “jamii”. Neno hili tunalitumia kwa nchi nzima na kwa majirani wa mtaa mmoja, na “jumuiya” imeshindwa kulipunguzia mzigo. Kama uliuliza iwapo mwanafunzi anajiona sehemu ya jamii ya chuo, wengine wamekujibu kuhusu chuo kizima na wengine kuhusu wenzao wa ghorofa moja, na wote wana haki.

Na “kuachwa nje” uliitafsiri vipi? Tafsiri ya neno kwa neno inaweza kusomeka kama kufungiwa mlango. Utaratibu uliopendekezwa na Richard Brislin mwaka 1970, wa kumpa mtu mwingine tafsiri yako airudishe katika lugha ya awali bila kuona maandishi ya asili, ungekuonyesha hilo mapema. Ungali na nafasi ya kuufanya sasa kwa maswali matatu tu; ni kazi ya siku moja.

MWULIZA SWALI

Nawashukuru nyote. Nimeanza na lile la kihesabu kwa kuwa lilinitia aibu zaidi. Safu ya makazi ninayo katika takwimu zangu na sikuwahi kuigusa. Nilipowaondoa wanaoishi kwao mwelekeo umepungua sana, ingawa haujaisha kabisa kwa wa mabwenini. Kilichobaki nitakieleza kwa tofauti ya Weiss, na nitasema wazi kwamba siwezi kujua kipi kinatangulia kingine. Msimamizi amekubali kuisoma makala ya Tierney, jambo ambalo sikulitarajia, na ameniruhusu niwaombe wanafunzi kumi na wawili wa bwenini waandike shajara.

Limebaki jambo moja. Ningependa kuinukuu ile sentensi ya mwanafunzi wa kila jioni, lakini darasa lao ni dogo.

JIBU LA PILI (TENA)

Usiinukuu neno kwa neno. Mwenzake aliyewahi kumsikia akizungumza na simu kila jioni atamtambua papo hapo, na yeye alipojaza dodoso aliahidiwa kwamba hatajulikana. Eleza maudhui kwa maneno yako mwenyewe, bila kutaja saa wala bweni. Katika fomu ya ridhaa ya hawa wa shajara, weka kipengele kinachotaja nukuu pekee, na kila mmoja akubali au akatae bila kuathiri ushiriki wake. Na kwa kuwa utakuwa ukisoma kila siku habari za watu waliokiri kwamba wana upweke, amua sasa, kabla ya shajara ya kwanza kufika mezani kwako, utamwelekeza kwa nani yule atakayeandika jambo linalotisha.