Eti mshambuliaji wetu hana thamani ya viatu alivyovaa! Mchambuzi yule ametuvunjia heshima

Krosi ya Kushoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, ninaandika hasira ikiwa bado haijapoa, kwa sababu nimetoka sasa hivi kumsikiliza yule bwana. Sitamtaja jina na wala hakuna haja ya kumtaja, maana kila anayefuatilia soka anamjua kwa sauti yake na kwa tabia yake ya kumkatiza mwenzake kabla hajafika katikati ya sentensi. Mshambuliaji wetu amefunga mabao mawili, timu imeshinda, mtangazaji akauliza kwa heshima kama klabu imwongezee mkataba, naye akajibu: "Ana miaka 32. Ukimuuza leo, fedha utakayopata haitoshi kununua viatu alivyovaa." Kisha akacheka. Alicheka mpaka karatasi zake zikamponyoka mkononi, na mtangazaji akalazimika kuinama kuziokota.

Viatu! Hivi mabao mawili ya usiku huu yamefungwa na nani, kama si mwenye viatu hivyo?

Naomba mliotazama mchezo mlikumbuke vizuri bao la pili. Krosi ilipopigwa, wenzake wote walikimbilia lango na mabeki wakakimbia nao. Yeye peke yake alirudi nyuma hatua mbili, akajificha nyuma ya bega la beki mahali ambapo yule beki hakuweza kumwona, na mpira ulipomfikia hapakuwa na mtu wa kumgusa, akauweka kwenye kona ya mbali kwa upande wa ndani wa mguu. Hakukimbia hata mita tano. Kijana wa miaka 20 angeweza kukimbia uwanja mzima mara saba na asifike mahali pale kwa wakati ule, kwa sababu hatua zile mbili hufundishwa na miaka ya kupigwa viwiko na mabeki. Na baada ya bao la namna hiyo, mtu mzima anakaa mbele ya kamera na kucheka!

Bwana huyu angeachiwa ofisi ya usajili kwa wiki moja, angewastaafisha washambuliaji wote wenye ndevu na kutubakizia watoto wanaosindikizwa mazoezini na mama zao.

Ada ya uhamisho, yaani fedha ambayo klabu hulipa kumnunua mchezaji, haipimi mabao peke yake. Hupima pia miezi iliyobaki kwenye mkataba na matumaini ya klabu kwamba itamuuza tena mchezaji huyo baadaye. Michael Owen alitwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 2001, lakini mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 24, Liverpool ilimuuza kwa Real Madrid kwa takribani pauni milioni 8 pamoja na mchezaji mmoja, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni. Mwaka uliofuata Newcastle ikalipa takribani pauni milioni 16 kwa mtu yule yule, ambaye msimu mzima alikuwa akianzia benchi mara nyingi. Upande wa pili, Fernando Torres alikuwa na miaka 26 tu Chelsea ilipomlipia pauni milioni 50 Januari 2011, umri ambao bwana wetu angeupigia makofi, naye akamaliza msimu huo na bao moja la ligi.

Sasa awaangalie hao anaowaita wazee. Gabriel Batistuta alikwenda Roma mwaka 2000 akiwa na miaka 31, akafunga mabao 20 ya ligi na Roma ikawa bingwa. Robert Lewandowski alitua Barcelona mwaka 2022 akiwa na miaka 33, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 23, na ubingwa ukarudi. Harry Kane alikuwa ametimiza miaka 30 wiki chache kabla Bayern haijamchukua mwaka 2023 kwa karibu euro milioni 100, tena mkataba wake wa Tottenham ukiwa umebakiza mwaka mmoja, na akafunga mabao 36 ya ligi katika msimu wake wa kwanza. Viatu vya Kane ni bei gani, bwana mchambuzi?

Angesema kwamba hatauzika kwa bei kubwa, ningenyamaza. Lakini alisema viatu, na akacheka.

Beki Mstaafu

Mkuu, nakuunga mkono kwa asilimia mia. Nilikuwa ninakula na nikakisukuma chakula pembeni. Mchambuzi huyu ndiye aliyewahi kutuambia kwamba mshambuliaji akifika miaka 29 magoti yake huanza kulia kama mlango mbovu, ilhali Roger Milla alifunga mabao 4 katika Kombe la Dunia la 1990 akiwa na miaka 38, akarudi mwaka 1994 akiwa na miaka 42 na akafunga tena. Mimi nimecheza beki. Ninayemhofia si kijana anayekimbia sana, kwa sababu huyo ninamwona anakuja. Ninamhofia mzee aliyesimama kimya nyuma yangu.

Hesabu Kwanza

Mleta mada, nimeupitia uzi wako nikitafuta hoja na nimekuta viatu kila baada ya aya mbili. Umelia kana kwamba ni wewe uliyewekwa sokoni. Mifano yako yote ni ya watu wa ajabu, ambao kila kizazi hutoa wachache tu. Mbona hukumtaja Andriy Shevchenko, aliyekwenda Chelsea mwaka 2006 akiwa na miaka 29 kwa takribani pauni milioni 30 na akafunga mabao 9 tu ya ligi? Mbona hukuitaja Juventus, iliyotoa zaidi ya euro milioni 100 mwaka 2018 kwa ajili ya Cristiano Ronaldo mwenye miaka 33, kisha ikamwachia mwaka 2021 kwa ada ya msingi ya euro milioni 15, bila ya kutwaa Ligi ya Mabingwa ambayo aliletwa kuitafuta?

Krosi ya Kushoto

Hesabu Kwanza, Ronaldo huyo huyo alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu wa 2020/21 kwa mabao 29, akiwa na miaka 36. Kama Juventus haikuwa na kiungo wa kumpa mpira Ulaya, umri wake umekosa nini? Halafu wewe umeleta takwimu na umebishana kama muungwana. Yule hakuleta takwimu hata moja. Alicheka!

Jicho la Benchi

Wakuu, mnagombana na mchambuzi wakati wenye lawama ni wakurugenzi wa klabu. Klabu ikimnunua kijana wa miaka 21 kwa milioni 60 kwa mkataba wa miaka 5, vitabuni inaandika milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka 3 vitabuni amebaki milioni 24, hivyo akiuzwa kwa milioni 50, klabu inatangaza faida ya milioni 26, hata kama kijana mwenyewe hajawahi kufunga bao la maana. João Félix alinunuliwa na Atlético mwaka 2019 kwa zaidi ya euro milioni 120 akiwa na miaka 19, na hakuwahi kufikisha mabao 10 ya ligi katika msimu mmoja pale. Mimi kinachoniudhi ni kwamba timu siku hizi zinasajiliwa na mhasibu, na kocha anaarifiwa baadaye.

Namba Moja

Nyote mnalia na washambuliaji, ambao angalau hununuliwa! Sisi makipa je? Edwin van der Sar alichukuliwa na Manchester United mwaka 2005 akiwa na miaka 34 kwa takribani pauni milioni 2, akaipangua penalti ya Anelka wa Chelsea kwenye fainali kule Moscow mwaka 2008 na kombe la Ulaya likapatikana, kisha akastaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 40. Pauni milioni 2! Mshambuliaji anayekosa mabao ya wazi hulipiwa mara 20 ya hizo.

Hesabu Kwanza

Usitudanganye, Namba Moja. Kipa Kepa alinunuliwa na Chelsea mwaka 2018 kwa zaidi ya pauni milioni 70, na mwaka 2020 akapoteza namba kwa kipa mwenzake Mendy, aliyenunuliwa kwa fedha ndogo zaidi. Makipa mmeonja fedha na mmeshindwa kuzistahili.

Krosi ya Kushoto

Ndugu zangu, tafadhali, uzi huu unamhusu mshambuliaji aliyedhalilishwa mbele ya nchi nzima.

Namba Moja

Subiri kwanza, mkuu, huyu nimalizane naye. Hesabu Kwanza, Gianluigi Buffon alikwenda Juventus mwaka 2001 kwa takribani euro milioni 52, ada kubwa kuliko ya kipa yeyote, na rekodi hiyo ikadumu mpaka 2018. Alistaafu mwaka 2023 akiwa na miaka 45. Nitajie mshambuliaji mmoja aliyeilipa klabu yake miaka mingi kiasi hicho, kisha uniambie kwa nini soko zima linatupangia bei ya chini kuliko mchezaji wa akiba wa pembeni.

Beki Mstaafu

Na mabeki hamtuoni kabisa.