Naombeni ushauri: kufunga yoti gatini peke yangu, thrasta ya omo hainisaidii

Pweke_Baharini: Wakuu habari zenu. Nina yoti ya tanga ya futi 38, natembea nayo peke yangu na nimefika mahali naogopa kurudi gatini kuliko mawimbi. Ina thrasta ya umeme, ile ya kusukuma omo (mbele ya boti) kushoto au kulia, ila upepo ukinipiga ubavuni omo inaondoka tu, nabonyeza, inanguruma, omo haisogei. Nafikiria kuipa thrasta mota kubwa zaidi. Ipi inafaa?

Tezi_na_Omo: Mota iache kwanza. Unaingia na spidi gani?

Mzee_Tanga: Sisi tulifunga gati kwa tanga tupu, leo kila kitu mnataka kitufe. Baba alinipa usukani nina miaka 9, akaenda kukaa omoni na kamba mkononi, hakugeuka hata mara moja mpaka tukagusa. Jasho nililotoka siku ile nalikumbuka hadi leo.

Betri_Kavu: Angalia umeme, mkuu. Thrasta ya volti 12 inakula mamia ya ampea, waya ukiwa mwembamba volti zinaporomoka. Na usiing'ang'anie, ikichemka inajizima mpaka ipoe. Yangu ilizima nikiwa katikati ya safu mbili za boti, kuja kuangalia tundu lake limejaa chaza.

Tezi_na_Omo: Hujajibu. Spidi?

Pweke_Baharini: Betri mpya, waya mnene, fundi kapima. Spidi kama noti 4 hivi (maili 4 za baharini kwa saa). Nikipunguza upepo unanichukua, bora niingie haraka nimalizane nao. Na mota kubwa kusema kweli nimeshalipia nusu.

Tezi_na_Omo: Sasa ndo umesema. Thrasta ni propela ndogo ndani ya tundu linalokatisha omo ubavu hadi ubavu, boti ikikimbia msukumo unakufa, ukivuka noti 2 hivi hupati kitu, hata mota iwe kubwa vipi. Funga kamba kwenye chuma cha kufungia kilicho katikati ya ubavu wa boti, ingia taratibu ukiukabili upepo, ipitishe kwenye kigingi cha gati kilicho nyuma yako kidogo, ikaze, gia ya mbele polepole, gurudumu la usukani zungushia upande wa nje. Boti inajibana yenyewe gatini na inatulia, hapo ndo unashuka na kamba zingine. Thrasta ni ya kushikilia omo sekunde 2, 3 tu wakati unapitisha kamba.

Mama_Dafrao: Kaka, kwanini peke yako? Mume wangu aliruka na kamba mkononi akateleza, mguu ukabanwa kati ya boti na gati. Usiruke kabisa, boti ikitaka kwenda iache iende.

Kisiki: Hii chai. Futi 38 ni tani 7 mpaka 8 hivi, unaingia noti 4, uko peke yako na kila kitu kizima? Iliyokusimamisha ni nini?

Pweke_Baharini: Sio chai. Mara mbili gia ya nyuma. Ya tatu nilisimamishwa na boti ya jirani. Reli yake ya omoni imepinda, dafrao yangu, lile boya la kukinga ubavu, ilipanda juu ikaishia kwenye deki, ubavuni nina mchubuko urefu wa mkono. Hakuwepo. Sijamwambia.

Kisiki: Basi samahani mkuu, nakuamini.

Mama_Dafrao: Mwambie leo.

Pweke_Baharini: Nilitaka mota mpya ifungwe kwanza, nimwambie nikiwa nimeshatatua.

Tezi_na_Omo: Mota haimhusu. Nenda, ukirudi tupange urefu wa kamba. Ukiwa kwenye usukani, unaifikia bila kuachia gia?

Pweke_Baharini: Naifikia nikinyoosha mkono. Taa ya boti yake inawaka, ngoja niende.