Mjadala: Vifaa vya kupima mwendo kwa wagonjwa wa magoti, tuvikubali au tuvikatae?

Mtoa mada (Dar es Salaam)

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito.

Mama yangu ana miaka 68, magoti yote mawili yamesagika. Kliniki anayohudhuria ilimpa bangili ya kupima mwendo aivae miezi mitatu, ili daktari ajue anatembea kiasi gani kati ya miadi na miadi. Siku ya tisa aliivua akaifunga kwenye kanga. Nilipomuuliza akanijibu: "Mwanangu, kila jioni inaniambia nimetembea kidogo, sijafikisha hatua elfu kumi. Kwani mimi sijui?"

Mwanzoni nilimlaumu. Siku ya kliniki mama hujikaza, hujichua kwa dawa tangu alfajiri, na akifika mbele ya daktari anatembea kama mzima. Zile siku anazoshuka ngazi kinyumenyume huku ameshika ukuta hakuna daktari anayeziona. Nilidhani bangili itaziona.

Kumbe bangili ya mkononi haipimi goti. Inahesabu mtikisiko wa mkono. Mama akishika mkongojo mkono unatulia, na hatua nyingi hazihesabiwi. Kujua goti linakunjika kiasi gani kunahitaji vihisi viwili, yaani vifaa vidogo vya kupima mwendo, kimoja pajani na kingine chini ya goti. Marekani wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2021 mamlaka yao ya dawa, FDA, iliruhusu goti bandia la Persona IQ, ambalo kihisi chake kimo ndani ya mfupa wa muundi. Hicho ukishawekewa huwezi kukivua ukakifunga kwenye kanga.

Msimamo wangu ni huu: hospitali isimvishe mgonjwa kifaa kama haijapanga mtu wa kusoma taarifa zake na kumpigia simu. Siku zote tisa hakuna aliyempigia mama, na hata alipoivua hakuna aliyeuliza.

Mchangiaji (Moshi)

Mimi ni fiziotherapisti na ninapinga. Tukisubiri kila kliniki ipate mtu wa kupiga simu, tutasubiri miaka. Taarifa zikisomwa siku ya miadi tu, bado zinasaidia. Nilikuwa na mgonjwa aliyeniapia kwamba anafanya mazoezi ya paja kila siku. Tulipoangalia pamoja taarifa za kifaa chake tukaona akishafanya Jumatatu, basi Jumanne na Jumatano analala kwa maumivu. Hakuwa mwongo, nilikuwa nimempa mazoezi mengi mno kwa mkupuo. Tukayagawa.

Mama yako aliwekewa lengo lisilo lake. Zile hatua elfu kumi si amri ya daktari, zilianzia kwenye tangazo la kipima hatua huko Japani miaka ya 1960. Angeanzishiwa pale alipo.

Mchangiaji (Mombasa)

Mimi nina baridi yabisi, na natamani kifaa hicho hata kesho. Asubuhi vidole hukakamaa saa nzima, siwezi kufunga kifungo cha shati. Saa nne nikiwa kazini vimelegea, na bosi anaona mtu mzima anayechelewa kwa uvivu. Ningekuwa na ushahidi.

Lakini naogopa ushahidi huohuo ukifika kwa kampuni ya bima. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania wana ya 2022, na zote zinahesabu habari za afya kuwa nyeti. Ila pale kliniki unapewa fomu ya Kiingereza, unaonyeshwa pa kutia sahihi, na foleni nyuma yako ni ndefu. Nani anauliza?

Mchangiaji (Tabora)

Na bando nani ananunua? Kifaa cha bure kinachokula bando langu kila siku si cha bure.

Mtoa mada

Ndugu wa Moshi, la lengo nimelipokea, sikulifikiria. Ila tazama mfano wako mwenyewe: mlikaa wawili mkaangalia pamoja. Hicho ndicho mama hakukipata. Siku ya miadi daktari hakuifungua hata programu inayoonyesha taarifa za bangili, aliuliza tu kama dawa zimeisha.

Nimemsomea mama maneno yako jioni hii. Anasema akipata wa kukaa naye hivyo, ataitoa kwenye kanga. Sasa nijibu: hapo kwenu muda huo mnautoa wapi, na mgonjwa mmoja anapewa dakika ngapi?