Mjadala: Je, mchango wa watoto ulipe na nauli ya mweka hazina?

Waungwana wa Tanga, nijichongee mwenyewe kabla hamjanichongea.

Huu mwaka wa nne nashika fedha za kikundi chetu hapa Ngamiani. Tunawanunulia sare na daftari watoto ambao wazazi wao wamekwama. Tumesajiliwa, muhuri tunao, kitabu cha risiti tunacho. Kila tukiomba mchango tunaandika: "Kila shilingi yako inamfikia mtoto." Maneno hayo niliyatunga mimi, na ni uongo.

Shule zilipofunguliwa Januari tulinunua daftari dazeni 40. Mzigo huo haubebeki kwa mkono, nikakodi bajaji, tukazunguka shule tatu. Bajaji na vocha ya kuwapigia walimu vikala elfu ishirini na mbili na mia tano. Sasa niziandike wapi, na tulishaapa kila shilingi ni ya mtoto? Nikamwomba mwenye duka aandike dazeni 43. Akaandika hata hakuniuliza kwa nini. Naona si mimi wa kwanza. Dazeni tatu za elfu saba na mia tano, shimo likazibika.

Sikula hata senti. Lakini aliyeziba nauli leo kwa dazeni 3, kesho anaweza kuziba karo ya mwanawe kwa dazeni 30, na karatasi za wote wawili zitafanana. Mkaguzi hatatutofautisha.

Kwa hiyo nasema tuache hii "kila shilingi". Tuandike nauli, vocha, kodi ya chumba, na posho ya anayeandika hesabu kama ipo. Mchangiaji aone, aamue. Kwenye kamati yangu nimeshapingwa na watu wawili, na mmoja ni mwenyekiti. Karibuni.

WA MAKORORA: Kukiri umekiri, lakini dawa yako itamuua mgonjwa. Mtu katoka msikitini Ijumaa, ana elfu tano ya sadaka. Ukimwambia elfu moja ni ya bajaji, atamtafuta yatima wa mtaani kwake ampe mkononi. Na hakosei. Nauli jilipieni wenyewe, ndiyo thawabu yenu.

WA DUGA: Sheikh, hata zaka ina fungu la wanaoikusanya. Soma Sura ya Tawba, aya ya 60, mafungu manane yametajwa na wao wamo. Kama Mola kawatambua watumishi, sisi nani tuone haya kumwandika dereva wa bajaji?

WA MAKORORA: Hiyo zaka, mimi nasema sadaka. Usinichanganyie.

WA PONGWE: Mimi nilikuwa kwenye mradi uliolipwa na Marekani. Kule nako vita ni hiyo hiyo. Shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana na serikali yao lilikuwa linaruhusiwa kukata asilimia 10 kwa ajili ya uendeshaji wa ofisi. Kuanzia Oktoba 2024 ikawa asilimia 15. Yaani wenye fedha zao walikubali kwamba ofisi haijiendeshi kwa hewa. Na tangu 2013 mashirika makubwa ya kule yanayopima wenzao yaliandika barua ya wazi kwa wachangiaji: msipime shirika kwa gharama za ofisi peke yake. Sisi huku bado tunaona mhasibu ni anasa.

Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais wao akasaini msaada wa nje usimame siku 90. Mahesabu yetu yalikuwa safi, na hayakutuokoa. Kwa hiyo mimi naunga mkono kuandika wazi, ila tuwaandikie watu wa hapa. Wa hapa ukimkosea anakuja mlangoni, mnagombana, mnapatana.

WA RASKAZONE: Uwazi una bei, jamani. Hapa kwetu kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za 2018 ziliyataka mashirika yenye fedha zinazozidi milioni 20 yazitangaze gazetini. Tangazo la gazeti linalipwa kwa fungu gani, la mtoto au la bajaji? Na jingine, mkiweka posho ya mtu hadharani mjue mmemuuza. Ndugu zake watapiga foleni kukopa.

WA CHUMBAGENI: Mimi nawashangaa nyote. Mji huu huu tunachangia harusi kila mwezi. Orodha inapandishwa kwenye kundi kila jioni: fulani ahadi laki, katoa hamsini, anadaiwa hamsini. Siku ya kuvunja kamati mweka hazina anasimama na karatasi, anasoma mpaka soda za vikao na mafuta ya gari la kufuata mapambo. Watu wanapiga makofi, wanakula, wanaondoka. Sijasikia mtu akisema "kumbe mchango wangu umenunua mafuta." Mtu wa Tanga hana ugomvi na nauli, bibi na bwana. Ana ugomvi na kufichwa.

MLETA MADA: Wa Chumbageni umenigusa penyewe, japo harusi ina tarehe. Sisi hatuvunji kamati, ndiyo maana hatusomi karatasi. Kila mwaka tunasema mwakani.

Na kuna jambo sikulisema mwanzo kwa aibu. Michango yetu inaingia kwenye simu yangu. Mtu akituma, jina linalotokea pale kabla hajabonyeza kuthibitisha ni langu, siyo la kikundi. Mara ngapi mtu kaishia hapo hapo akafuta? Sijui, wala hakuna risiti ya aliyeghairi. Na mimi mwenyewe usiku nikitaka kununua umeme, salio la watoto na salio langu ni namba moja. Wiki iliyopita tumeanza kufuatilia lipa namba kwa jina la kikundi, na kutoa fedha kutahitaji saini za watu wawili. Mwenyekiti kanuna, anasema namwona mwizi. Nikamwambia ninayemwogopa ni mimi.

Wa Raskazone, gazeti hatuliwezi, na fedha zetu hazifiki huko. Nimeandika karatasi moja, nimeibandika dukani pale tunaponunulia: zilizoingia, daftari, bajaji, vocha, baki. Juu nimeandika kwamba mwezi wa kwanza risiti ilisema dazeni 43 na zilizonunuliwa ni 40.

WA MAKORORA: Nimepita leo kununua kalamu, nimeiona. Watu wanne wamesimama wanaisoma. Mmoja kauliza kwa nini bajaji ya Januari ghali hivyo, kuna kijana pale angewapeleka shule zote tatu kwa elfu kumi na tano.

MLETA MADA: Nitumie namba yake.