Kulipia kuruka foleni Disneyland: sawa au si sawa?

Mlowezi wa California: Wakuu, Disneyland, ile bustani ya michezo ya California, ilipofunguliwa 1955 kiingilio kilikuwa dola 1, kisha kila mchezo unalipia. Vikaja vitabu vya tikiti zenye herufi: A za michezo midogo, E za mambo makubwa kama Matterhorn, treni ya kasi ya mlimani. 1982 vikafutwa, ukilipa getini umemaliza. Leo unalipa getini, halafu unauziwa tena njia ya kuruka foleni. Mnaonaje?

Mpwa wa Bibi: E ilikuwepo tangu siku ya kwanza, acha kupotosha.

Kalamu Nyekundu: Haikuwepo. E imekuja 1959. Na bei moja getini, bustani ya Six Flags ya Texas walianza nayo 1961, Disney walichelewa.

Mgogo Asili: Vile vitabu vilikuwa na akili. Mwenye E mbili hawezi kurudia mara kumi. Bei moja ndiyo iliyozaa foleni, foleni ikazaa biashara. 1999 FastPass, njia yao ya kuruka foleni, ilikuwa bure, 2021 wakaweka ya kulipia badala yake.

Don wa Oysterbay: Mwenye nacho alipe, asiye nacho asimame. Foleni haijaua mtu.

Mama Wawili: Haijaua mtu? Bustani moja, jina silitaji, nimesimama saa nzima na nusu, mtoto mgongoni. Familia inapita kando inatucheka, wanaonyesha simu tu. Mwanangu ananiuliza, "Mama, sisi tumekosa nini?"

Don wa Oysterbay: Dada, si ungelipa?

Mama Wawili: Mimi si dada yako. Na hiyo Oysterbay unalala chumba cha nani?

Kalamu Nyekundu: 😂😂

Don wa Oysterbay: Matusi ya nini? Halafu mwenye mada, "tikiti" ni tunda. Sema "tiketi". Au Disneyland walikuwa wanakata matikiti maji?

Mpwa wa Bibi: Hapo umesema.

Kalamu Nyekundu: Hamna kamusi nyumbani? Yote mawili yamo. Tikiti hii ya basi, tikiti hili la maji. Ngeli ndiyo inayotenganisha.

Mpwa wa Bibi: Kondakta gani umewahi kumsikia akisema tikiti?

Kalamu Nyekundu: Wewe wa E ya siku ya kwanza nyamaza kidogo.

Mlowezi wa California: Jamani, foleni je?

Mama Wawili: Subiri, huyu wa Oysterbay hajanijibu.